Soga Tu

Kaniandikia meneja mkuu: "Njoo Jumatano saa nne,
tunywe chai, tupige soga tu."
Soga tu. Na mimi tangu juzi silali.

Usaili wa kwanza waliniuliza hesabu.
Wa pili nilikaa mbele ya watu watano
na jasho langu.
Hayo nayajua.
Lakini soga hufundishwa skuli gani?

Shangazi Bi Mgeni, ghorofa ya nne, Michenzani,
amekuwa meneja: kavaa miwani ya marehemu mumewe,
kanimiminia chai ya mkandaa.
"Haya, Raya, nyumbani hawajambo?"
"Nina uzoefu wa miaka mitatu katika utunzaji wa…"
Akanigonga kijiko mkononi.
"Nimekuuliza nyumbani!"

Tumerudia mara sita.
Kaimati zimekwisha, kazi sijapata.

Usiku napiga pasi buibui lililokwisha pigwa pasi,
najaribu kucheka, kidogo, si sana,
mbele ya kioo cha kabati.
Umeme ukakatika.
Kizani nikajisikia nasema:
"Hawajambo, alhamdulillahi.
Mama tu, goti linamsumbua."

Na chumba cha pili, sauti ya usingizi:
"Mpe pole. Unaanza lini?"