Kunde za Ardith

Kibao cha mjini kinasema: watu mia tisa kumi na wawili.
Mtu amekwangua mbili kwa msumari, akaandika moja.
Nikapunguza mwendo. Nani huyu aliyetoka,
kwa jeneza, au kwa basi la kwenda Dallas?

Taa ya barabarani ni moja tu,
nayo yapepesa njano, haimwamrishi mtu.
Huku pamba, kule soya,
na katikati ya pamba chuma kinainama, kinainuka,
kinainama, kinainuka,
kama punda aliyesahau kwamba ameshakunywa.

Funguo za makumbusho anazo Bi Vernelle Pettway.
"Vua kofia, mwanangu, humu mna marehemu."
Pichani, mwaka wa ishirini na mbili,
mafuta yanaruka kuupita mnara wa kanisa,
na chini yake wanaume wamelowa, wanacheka,
huwezi kujua nani Mzungu, nani Mweusi:
wote rangi moja, kwa siku hiyo moja.

"Huyu ni babu." Kidole chake kikatua pembeni,
penye mtu asiyecheka.
"Eka arobaini zilikuwa zake.
Akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma,
wakampa nyumbu na saa ya mfukoni.
Nyumbu hakuumaliza mwaka."
Akafungua droo. Saa imekwama saa nne kasorobo,
asubuhi au usiku, hakuna ajuaye.
"Chini wakachukua wao. Juu wakatuachia.
Basi tukalima juu."

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga.
Sikumwambia.

Nyuma ya jengo ana bustani yake:
bamia, nyanya, kunde za maganda ya zambarau,
na hatua kumi kutoka kwenye bamia, pampu,
iking'oa kitu kisicho chake wala changu.
"Kelele hizi hazikusumbui?"
"Zikinyamaza ndipo nitaamka."
Akanijazia mfuko. Pesa akazikataa
kwa macho tu.

Usiku, moteli ya kando ya barabara kuu,
nimekaa kitandani namenya kunde kwenye beseni la barafu.
Redio inataja bei ya pipa, kisha bei ya pamba,
kisha mvua ambayo labda itakuja Alhamisi.
Nanawa. Nanawa tena kwa sabuni.
Dole gumba langu limebaki zambarau,
kama lililotoka sasa hivi kwenye wino.