Matone Mawili kwa Sekunde

Nchi hii haina bahari.
Ya kwetu tunaikoroga: ndoo ya plastiki, chumvi ya mfuko,
maji ya bomba la Miskolc yaliyochujwa mara tatu,
na mwiko ambao Piroska kanikataza kuurudisha jikoni.

Tangi ni la Ödön. Lita mia sita,
limeuegemea ukuta wa sebule tangu kabla yangu,
na miamba aliyoipanga kwa mikono yake,
na yule kangaja wa zambarau, mwaka wa tisa sasa,
kijembe mkiani, jicho la mwenye nyumba.
Ödön alikufa Machi, theluji ikiwa bado kwenye roshani.
Mimi niliingia miaka mitatu baadaye
na masanduku mawili na mashine ya kunyolea.
Kangaja alinitazama wiki nzima.

Leo nimeleta wa kwangu, wa kwanza.
Kipepeo wa mistari ya shaba, hazidi kiganja cha mtoto,
mdomo mrefu kama kibano cha fundi saa.
Muuzaji kule Budapest alinionya:
huyu hafi kwa ugonjwa, hufa kwa kususa.
Saa mbili na nusu kwenye treni nimempakata
ndani ya sanduku la povu, chini ya koti.
Mama mmoja akaniuliza kama ni keki.
Nikamwambia ndiyo.

Taa nimezima. Mfuko umeelea robo saa,
joto likapatana na joto.
Sasa kazi ya mpira: mwembamba, wa hospitali,
fundo moja katikati, nakaza, nalegeza,
hadi yaje mawili kwa sekunde.
Tone la nyumba hii. Tone la nyumba hii.
Ukimwaga kwa jagi unamuua;
si kwamba maji yetu ni mabaya,
ni kwamba ni yetu.

Kushoto, nje ya tangi, nimebandika kioo cha bafuni,
ujanja wa zamani:
kangaja amwone kangaja, agombane na huyo,
mgeni apate kupita.
Wanasema mgeni aje, mwenyeji apone.
Yeye hajaambiwa. Ametanua mapezi,
anakivamia kioo, anageuka, anaonyesha kijembe,
na kila akirudi nyuma, palepale alipokuwa
naona uso wangu, nusu, na sikio moja.

Miamba pia nimeisogeza. Miwili tu,
ili pasiwe na wa kusema hapa ni pangu.
Nilimwuliza Piroska kwanza.
Akakausha sahani, akaikausha tena,
akasema, "Ule wenye tundu uache."
Nimeuacha.

Saa moja na dakika kumi.
Namkinga kwa kikombe, si kwa wavu; wavu humnasa miiba.
Maji ya safari nayabakiza nje.
Nazamisha mkono hadi kiwiko, nakiinamisha kikombe.
Hatoki.
Nasubiri. Mkono unakufa ganzi.
Anatoka.
Anasimama upandeupande, rangi imempauka,
pampu inamsukuma kama karatasi.
Kisha anauona ule mwamba wenye tundu.
Anaingia kiubavu, mkia mwisho.

Kome mmoja nimempasua, nimemlaza mchangani.
Hajamgusa. Labda kesho.
Muuzaji alisema nisifurahi kabla ya siku ya kumi.
Kangaja bado yuko kiooni, anajichosha.

Jikoni mfuniko unatua juu ya sufuria.
Harufu ya vitunguu na paprika inafika hadi kwenye stuli yangu.
"Ödön," anaita, "chakula."

Kimya.
Bomba linafungwa. Amejisikia.
Mpira nimesahau kuukaza; unadondosha bado,
mawili kwa sekunde, kwenye ndoo tupu.

"Naja," nasema.