Mataya

Injini nimekuachia wewe, Radim.
Ipige mateke asubuhi, itukane, iimbie;
ikikuchekea kisha ikazima, shauri yenu wawili.
Mimi nipe magurudumu, nipe jiliwa na taa ya mezani,
na ukitoka funga mlango:
baridi ya Januari hapa Ostrava haina adabu,
inaingia gerejini bila kubisha.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza meno.
Ya wachimba makaa, ya makarani, ya bibi harusi mmoja
aliyeanguka ngazini siku tatu kabla ya sherehe.
Najua uchafu unapojificha.
Hukaa pindoni, nyuma ya kile
ambacho kila mtu hukisugua.

Nafungua kifuniko. Kwanza maji, kwa brashi ya rangi,
nalowesha vumbi jeusi lote lisiruke.
Usipulize, mwanangu, hata kwa utani:
asbesto ya mwaka sabini na nne
haina habari kwamba imezeeka.

Kwingine huviita viatu, viatu ndani ya ngoma,
na ni jina la haki:
vinangoja kukanyagwa ndipo navyo vikanyage.
Lakini sisi huku tunayaita mataya,
na mataya nimeyashika maisha yangu yote.

Taya la kushoto limelika hadi kwenye ribiti.
Springi imelegea kama mpira wa soksi kuukuu.
Kamu haigeuki. Grisi ya enzi za wengine
imekauka ikawa gundi, rangi ya asali iliyosahaulika kabatini;
naibembeleza kwa mafuta ya taa, naiacha, nanywa chai,
narudi, nagonga kidogo kwa kipini cha mbao.
Haitaki. Nanywa chai tena.
Saa kumi na moja ikageuka ghafla, ikanichana kidole.
(Plasta hii yenye picha za dubu
ni yako, ya tangu darasa la pili.)

Halafu ngoma. Spiriti, kitambaa, msasa laini,
kioo changu kidogo cha kazini,
na pale, upana wa dole gumba, doa la samawati:
chuma kilichowahi kuungua.
Na ule mkono unaoshikilia sahani ya breki
umepinda, kidogo tu, kama mtu aliyesukumwa akajizuia.
Hiyo si breki ya kila siku. Ni ya siku moja.

Nikampigia mzee Kubínek aliyekuuzia.
“Haijawahi kuanguka,” akasema, kama alivyokuapia.
Sikuulizi kuanguka, nikamwambia. Nakuuliza kusimama.
Simu ikanyamaza hadi nikadhani imekatika.
Kisha: mteremko wa Frýdlant, mwezi Machi,
barafu imebaki kivulini,
msichana mwenye koti la kijani, kibao chake cha kutelezea
kimemtoroka kuingia barabarani, naye anakifuata.
“Sikumgusa,” akasema. “Hata kugeuka hakugeuka.
Aliokota kibao chake akaenda.”
Mkewe hajawahi kumwambia.
Alimalizia kwa kuniuliza
kama pikipiki bado ni nyekundu.

Doa sikulitoa. Nimelipapasa kwa ukucha, halina kingo, halidhuru.
Mkono nimeunyoosha.
Mataya mapya yamekuja kutoka Brno;
ncha zake nimezipiga tupa yasing'ate kwa pupa,
kamu nimeipaka grisi punje ya mchele, basi,
maana grisi ikizidi hutembea,
na ikitembea hufika pasipotakiwa,
kama maneno.

Sasa unachungulia, unauliza kama tayari.
Funga mlango, nimeshasema.
Shika hapa, kwenye tairi. Zungusha. Mimi nakanyaga.
Tena.
Tena, kwa nguvu,
kama una haraka ya kwenda mahali.