Nyuma ya Daftari la Sleyum

Nimeandika nyuma ya daftari la hesabu la Sleyum,
maana karatasi nyengine humu ndani haikai:
Jumapili, Iddi nne. Kutoka Wete saa moja asubuhi
(ndiyo kusema saa mbili, namjua Faki na kanzu yake).
Kidike kwanza, kwa popo. Halafu Pujini, kwa kasri.
Kula baina ya hapo, penye kivuli, pasipo siafu.

Mikate ya mofa, ishirini.
Pweza nimkaange au nimtie nazi? Nazi huchacha.
Chupa mbili za chai. Ile nyekundu haishiki moto,
ifungwe kanga.
Busati. Maji. Panadoli ya kichwa cha mama mkwe,
kiumacho kila penye furaha.

Sleyum kauliza kama kutakuwa na simba.
Pemba haina simba, mwanangu. Ina popo
wenye nyuso za mbwa na makoti ya manyoya,
waning'iniao mchana kutwa
kama nguo alizosahau mtu kuzianua.
"Wanang'ata?" Wanakula mapera.
Akavunjika moyo kidogo, nilimwona.
"Na kasri je, lina viti vya dhahabu?"
Lina ukuta. Lina mashimo. Lina mbuzi wa watu.
Nargis akacheka: "Mama anatupeleka kutazama
wanyama waliolala na nyumba isiyokuwepo."

Basi nikawatolea cha kuwavuta: kisima.
Nilikwenda na skuli, darasa la sita, soksi mpya,
mwalimu akatupanga mstari kwenye jua.
Wanasema mwenye kasri alikuwa na wake wawili,
akapitisha ukuta kati ya kisima:
mmoja ateke kutoka juu, kwa kamba na ndoo,
mmoja ashuke ngazi za mawe,
maji mamoja, wasionane nyuso.
Siku ile tulicheka sana.
Tukatupa vijiwe, tukahesabu mpaka vilie.

Kalamu ikasimama hapo.

Miaka tisa Chumu yuko Limbani, mimi Jadida.
Sokoni yeye Jumatano, mimi Jumamosi,
wala hatujapata kuagana hivyo.
Arusini akikaa ukumbini mimi huwa jikoni,
sufuria zote za Wete nimezisugua.
Binti yake, Ghanima, ana pua ya Sleyum;
niliiona dukani, nikasahau nilichofuata.
Hapana mtawala aliyetujengea sisi ukuta.
Tumebeba wenyewe, jiwe kwa jiwe,
na kila mmoja akimwachia mwenzake
nafasi ya kuweka lake.

Kirikuu cha Mbwana huchukua kumi, watoto wakipakatwa.
Nilikuwa nimeandika sita.
Nikakata. Nikahesabu upya kwa vidole:
wangu watatu, wake wanne, bibi yao, Faki, mimi.
Kumi. Gari limejaa, mambo safi.
Nikafunga daftari.
Nikalifungua.
Kumi na moja. Mbarouk ni mdogo, nitampakata mimi.

Nargis ndiye aliyepeleka ujumbe.
Namba ya Chumu ninayo, sijapata kuipiga.
Kimya mpaka isha. Uji wa mama mkwe
ukashika chini mkononi mwangu.
Kisha simu ikalia, sauti ya pua kidogo, kama ya mwenye mafua,
sikuijua kuwa ndiyo sauti yake:
"Popo siwawezi. Nitakaa garini nijifunike ukaya.
Lakini kisimani nitakwenda.
Muulize mama yako: kamba nani, ngazi nani?"

"Anakusudia nini?" akauliza Nargis.
Nikamwambia akazime taa ya jikoni.

Halafu gizani, kwa mwanga wa simu,
nikaandika chini ya pweza:
Mofa, arubaini.
Sukari, alete Chumu (nasikia mkono wake mzito).
Mwavuli pia. Mvua ya mwezi huu haina adabu.