Laki Nne na Thelathini

Laki nne na thelathini.
Nimezihesabu mara tatu juu ya mkeka
kama ninavyohesabu saruji gatini
inapopakiwa kwenda Kalemie:
tano tano, na mkato wa kalamu.
Ila saruji haipungui ukiirudia.

Nyuma ya daftari la madeni ya mawese
(mbele: Mama Lumona, madumu mawili, hajalipa)
nikaandika prosesa, ramu, diski,
kadi ya michoro, kasha, kioo.
Songoro, mdogo wangu, akachungulia begani,
akaongeza kwa herufi kubwa: TAA ZA RANGI.
Hizo ndizo nilizofuta kwanza.

Binamu yetu Anzuruni yuko Kariakoo,
hutuma bei kwa sauti, nyuma yake honi na matusi:
"Dada, kadi ipo, ya moto, feni tatu!
Laki tatu na nusu, na hapo nimekuona ndugu."
Feni tatu.
Sisi nyumba nzima tuna moja,
na haianzi kuzunguka mpaka uisukume kwa kijiti.
Nikiichukua, inabaki elfu themanini
ya kutafuta kompyuta ya kuichomeka:
nimenunua kengele, sasa naulizia baiskeli.

Fundi Bukuru wa Gungu hana maneno mengi.
Alinitolea mashine iliyostaafu ofisini,
stika ya namba ya mali ingali ubavuni,
ndani vumbi la mafaili na barua za likizo.
"Moyo mzima," akasema, akagonga bati.
Alianzia laki na tisini,
tukashuka ngazi kwa ngazi
hadi laki moja, sitini na tano.
Onyo akanipa bure:
"Tumbo lake jembamba, na umeme wake wa kipimo.
Usimletee mgeni mlafi."

Nikaazima futi kwa jirani wa cherehani,
nikapima kasha kama bibi harusi:
saba kwenda juu, kumi na saba kwenda ndani.
Kila kadi niliyoipenda ilikuwa nene kiunoni.

"Nitafutie fupi," nikamwambia Anzuruni,
"isiyodai waya wake peke yake,
inayokula kilichopo mezani."
Akacheka, simu ikakatika, akapiga tena.
"Ipo. Imetumika. Laki na arobaini."

Ramu ya pili, thelathini na tano.
Diski isiyozunguka, arobaini na tano.
Hapo tukagombana.
Songoro alitaka pedi ya kuchezea,
mimi stabilaiza,
maana umeme wa Bangwe una homa za vipindi
na televisheni ya kina Ntahondi
ilikufa mwezi wa nne katikati ya penalti.
Hakunisemesha siku mbili.
Stabilaiza: arobaini.
Elfu tano iliyobaki ikawa nauli ya kifurushi.
Kioo nikakipiga mstari.

Kilikuja kwa treni, katoni ya biskuti,
kadi imeviringishwa jezi kuukuu ya Anzuruni,
inanuka jasho lake.
Mama alituazima televisheni kwa sharti moja:
taarifa ya habari ya saa mbili haiguswi.

Basi, saa tatu na robo usiku wa kwanza,
tukawasha. Haikuwaka.
Nikachomoa ramu, nikaifuta kwa upindo wa khanga,
nikairudisha mpaka ikalia *ta!*
Feni ikakohoa. Kioo kikawa cheupe.
Songoro alisahau kwamba amenuna.

Mchezo wenyewe wa malori, barabara ya milimani.
Ukakwama. Nikaanza kukata tena, kama daftarini:
vivuli, zima. Majani, zima.
Maji, kiwango cha chini kabisa.
Lori likatembea, laini,
kando ya ziwa lililokuwa bamba la buluu,
halina wimbi, halina hata mwezi.

Nikageukia dirishani kupumzisha macho.
Huko nje Tanganyika lilikuwa na vivuli vyote,
kila wimbi na mng'ao wake,
taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka upande wa pili,
na halikwami.

Nadhani niliangalia muda mrefu,
kwa sababu nilipogeuka
kiti kilikuwa na mtu.
"Zamu yangu," alisema Songoro,
tayari amelitia lori mtaroni.