Nyuma ya Daftari la Mikopo

Duka langu liko Mabatini, chini ya jiwe
kubwa kuliko nyumba, ambalo halijadondoka
kwa sababu tu halijaamua.
Wiki ya Krismasi nauza pipi kwa kikombe,
jojo, lambalamba, na ubuyu mwekundu
kwenye vifuko vya kufunga fundo,
ule unaoacha ulimi kama umetoka kugombana.

Mwanangu hali.

Ukifungua daftari la mikopo kutoka nyuma
utakuta mwandiko wangu, si wa madeni:
Jumanne, jojo ya kijani. Hakulala.
Ijumaa, juisi ya unga, ya chungwa. Vipele shingoni,
kajikuna mpaka alfajiri.
Idi, kwa Bi Mwajabu, pipi sijui ngapi.
Kampiga Shija, kisha kalia yeye.
Daktari pale Bugando aliusoma ukurasa mara mbili,
akasema, Mwachishe rangi, tuone.
Tukaona.
Mwezi wa pili Nkwabi alilala usiku kucha,
mimi nikakesha kwa mazoea.

Jirani husema, Mtoto akililia wembe, mpe.
Namjibu, Wembe nauza mimi, shilingi hamsini,
najua unavyokata.

Lakini sikukuu ni sikukuu.
Huwezi kumvika mtoto shati jipya,
umpake mafuta miguu ing'are,
halafu umfungie ndani kama kuku mgonjwa
wenzake wakipita mlango kwa mlango
na mifuko imetuna.
Basi tukapatana, kama wafanyabiashara:
zunguka, pokea kwa mikono miwili, sema asante,
usionje.
Utakacholeta, nakinunua.

Mwaka jana nilijaribu kushindana na rangi.
Nilichemsha rozela na sukari, nikakoroga ubuyu,
ukatoka kama maji ya Mirongo baada ya mvua.
Aliutazama.
Aliula kwa huruma.
Mwaka huu mama yangu katuma kutoka Magu
kiroba cha matobolwa,
viazi alivyovichemsha, akavianika juani mwenyewe,
vitamu, vigumu,
vya kutafuna huku unafikiria jambo lingine.

Saa kumi jioni kanirudia, soksi moja haipo,
akamwaga mzigo wote juu ya kaunta:
pipi thelathini na moja, jojo tisa,
biskuti ya krimu ya pinki, nusu.
Nusu nyingine?
Shija.
Nikahesabu, nikalipa kwa sarafu,
bei ya duka, bila kupunja.
Anaweka nauli ya kivuko, Kamanga na kurudi,
yeye na Shija, wasimame mbele kabisa
waone maji yanavyopasuka.
Tobolwa shavuni, sarafu zikilia mfukoni,
jioni ile alikuwa tajiri kuniliko.

Kisha nikafanya ninachofanya kila siku.
Nikarudisha pipi kwenye kopo,
moja, moja,
na yeye anatazama.

Mama, hizo kesho utawauzia wengine?
Ndiyo.
Wao hawawashwi?
Wengine hawawashwi, nikasema, na ni kweli,
na kodi ya fremu ni kweli,
na ada ya Januari, na shati alilovaa.
Sikuyasema hayo.
Akaendelea kutafuna taratibu,
kama mtu anayekagua risiti.

Sarafu ikagonga kaunta. Kitoto cha Mama Bhoke,
ulimi tayari mwekundu, kinataka ubuyu wa mia.
Nilikipa.
Kisha, sijui kwa nini, nikakiongezea tobolwa moja,
nikakiuliza kama jana kililala vizuri.
Kikanishangaa, kikakimbia.

Nikafungua daftari kutoka nyuma,
nikaandika tarehe,
kalamu ikabaki hewani.
Miaka mitatu namuuzia,
na jina lake silijui.