Kumi kati ya Sabini na Moja

Waliniambia: chagua kumi.
Karatasi ni sabini na moja, za mwaka mzima,
za kila Alhamisi juu ya duka la fundi viatu
Barabara ya Beverley, mjini Hull,
tunapopanda ngazi tukinusa gundi
na kushuka saa tatu usiku na njaa zetu.
Kumi tu, alisema Mwanaidi, kijitabu ni chembamba
na mpiga chapa anazitaka Jumatatu.

Basi nimekaa jikoni. Nimetoka zamu,
mikono bado inanuka sabuni ya hospitali.
Nimepanga mafungu matatu mezani:
ndiyo, hapana, na hebu kwanza.
Kufika saa sita hebu kwanza imekuwa kichuguu,
ndiyo ina karatasi mbili,
hapana iko tupu, naionea haya.

Hili la Kitwana. Beti saba, mizani kumi na sita,
nimehesabu kwa vidole, haikupungua hata silabi.
Vina vimekaa kama vikombe kabatini.
Nimelisoma mara mbili nikitafuta mtu ndani.
Nyumba imepakwa chokaa, taa inawaka;
piga hodi mpaka uchoke.

Hili la Nzeyimana halina kichwa wala mkia,
limeandikwa nyuma ya stakabadhi ya petroli:
mkanda wa kiwandani unapita na keki,
keki, keki, keki,
na yeye hajala tangu asubuhi.
Ameandika keki mara kumi na tisa.
Alhamisi ile tulicheka.
Usiku huu nimezihesabu zote, sikucheka.
Ndiyo.

Bi Riziki Shamte analalamikia pipa la jirani.
Si shairi, ni barua kwa halmashauri ya jiji,
ila katikati ya uvundo na paka
ameliacha neno utusitusi,
ambalo sijalisikia tangu nivuke maji.
Je, neno moja laweza kubeba ukurasa mgongoni,
kama sisimizi na punje yake?
Hebu kwanza. Hebu kwanza, Bi Riziki.

Kisha Colin, kuli mstaafu wa bandarini,
aliyefundishwa Kiswahili na mkewe Furaha wa Uvira
wakimenya viazi.
Ameandika juu ya koti la mamake
lililobaki nyuma ya mlango:
*Koti anangoja. Koti hajui.*
Nikachukua kalamu nyekundu. Linangoja. Halijui.
Kalamu ikasimama hewani.
Maana sisi tuliozaliwa ndani ya lugha
koti na jiwe na jicho tumezitia ngeli moja,
hatukuwahi kuliuliza koti kama linapumua.
Yeye kakosea mlango, akaingia ngeli ya watu,
akamkuta mamake.
Nimeifunika kalamu. Ndiyo,
na asiliguse mtu.

Zangu zimo tano. Nilijifanya siujui mwandiko.
Moja naipenda; niliipandisha, nikaishusha,
nikaipandisha tena nilipokwenda kuchemsha chai.
Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.
Nimeiachia ngozi. Mkono umeuma kidogo.

Chini kabisa kuna isiyo na jina.
Alikuja mara moja tu, Februari,
msichana mwenye kofia ya sufu, hakuvua hata glavu.
*Leo nimezungumza na watatu.
Wawili walikuwa mashine.*
Basi. Hakurudi. Tukiichapa, nani atamwambia?
Ndiyo, ndiyo, hata kama hatajua.

Saa kumi alfajiri. Lori la maziwa limepita.
Nimezihesabu: kumi na moja.
Nimezihesabu upya nikianzia chini: kumi na moja.
Mwanaidi atanuna, mpiga chapa ataongeza bei,
nami sitaitoa hata moja, labda wapunguze jalada.
Alhamisi Kitwana ataniwahi ngazini,
ataniuliza, na langu je?
Nitamwambia mizani imetimia.
Atanyamaza, atainama kufunga kamba ya kiatu
ambayo haikufunguka.